Saumu ya Siri kwenye Njia ya Msambweni

Namshukuru Mola anayeishusha mvua kwa kipimo akijuacho Yeye, akampa mgonjwa siku zake na mzima siku zake, na hakuna kati yao ajuaye zilizobaki. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu na watu wa nyumba yake. Baada ya hayo, nitaeleza yaliyotupata mimi na shemeji yangu tulipotoka Kwale kwa miguu kwenda Msambweni.

Shemeji yangu ni mume wa dada yangu mdogo, naye ana maradhi ya sukari. Hujidunga sindano kila asubuhi. Daktari alimwambia atembee, na kwa ajili yake sisi wazee wachache wa msikiti mmoja huko Waa tukaanza kutembea pamoja kila Jumamosi baada ya sala ya alfajiri. Kijana mmoja wa kwetu, aongozaye watalii Diani, akatuona. Yeye na wenzake walikuwa wameunganisha vijia vya zamani, kutoka Kwale, pembezoni mwa msitu wa Shimba, hadi mashambani na baharini Msambweni, ili wageni watembee na mabegi mgongoni na walale njiani. Akatuomba tuijaribu kwanza.

"Wazee wangu, nyinyi mkiiweza, hakuna mgeni atakayenilalamikia," alisema.

Dada hakuipenda safari ile. Mvua za mwaka zilikuwa zimeshaanza. Nilipokwenda kumchukua mumewe aliniita jikoni, akanipa mfuko wa viazi vitamu vya kuchemsha.

"Kaka, huyu hajala. Asema atakula na nyinyi huko Kwale. Akikaa na njaa baada ya ile sindano huanguka, nawe wajua. Nimekukabidhi."

Nikamjibu kwamba nimepokea. Neno hilo kwetu si jepesi. Ulichokabidhiwa hukirudisha kama ulivyokipokea.

Kwale tulianza kutembea Jumamosi mvua ikinyunya. Pamoja nasi alikuwepo rafiki wa yule kijana, mpishi wa hoteli, Mkristo kutoka bara, aliyejitolea kutupikia. Begi lake lilikuwa kubwa kuliko la mtu yeyote, na sufuria ilining'inia nyuma ikigonga kila alipopiga hatua. Kabla ya kuondoka tulichagua amiri, mkuu wa safari, kama ilivyo desturi, wakanichagua mimi.

"Basi tumekwisha," shemeji akasema. "Leo hata kupiga chafya tutaomba ruhusa."

Mpishi akatugawia mahamri. Shemeji akasema, "Kuleni kwanza, yangu mimi bado." Nikampa kiazi katika vile vya mkewe, akakipokea kwa mkono wa kulia na kunishukuru. Tukaenda. Kila nilipogeuka nilimwona kiazi mkononi na midomo yake ikitikisika, nikatulia moyo, nikijua anatafuna. Baadaye nilifahamu kwamba alikuwa akileta uradi, akimtaja Mola kimyakimya, na kile kiazi kilikwenda kwa mbuzi wa watu.

Lazima niseme kwa nini sikushuku. Tangu sindano ilipoanza, daktari alimkataza kufunga Ramadhani. Shemeji alitii, akawa analisha maskini kila siku ya mwezi kama sheria ilivyompa nafasi. Lakini ilimuuma. Mchana alikula chumbani, pazia limeshushwa, na kijiko hukusikia kikigusa sahani. Mimi mwenyewe nilimsomesha mlango huo wa ruhusa ya mgonjwa, nikaamini umemtosha. Sasa tulikuwa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, katika zile siku nyeupe za katikati ya mwezi ambazo baadhi yetu huzifunga kwa hiari. Yeye aliamka kabla ya alfajiri mkewe akiwa amelala, akala tende na maji, akatia nia. Kisha, kwa kuwa daktari alimwambia asiiache sindano hata siku moja, akajidunga kipimo kilekile cha mtu atakayekula siku nzima. Hakumwambia mtu, kwa kuchelea ria, yaani kujionyesha. Ibada ya hiari ukiitangaza, wasema wazee wetu, umeshaila.

Mchana mvua ilikaza. Udongo mwekundu ulishika viatu mpaka kila mguu ukawa na uzito wa mtoto. Upande mmoja kulikuwa na ua wa umeme uliowekwa kuwazuia ndovu, upande wa pili mihogo iliyolazwa na maji. Tulipumzika chini ya kibanda cha mlinda shamba, mpishi akapasha mbaazi. Shemeji alitoka kwenda kutawadha na hakurudi hadi tulipomaliza.

"Mzee huyu anatawadha au anafua?" mpishi akauliza, tukacheka.

Alasiri tukafika mto Mkurumudzi. Ulikuwa umejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa yakibeba matawi. Yule kijana, kiongozi wetu wa njia, akasema hatuvuki mpaka upungue. Shemeji hakusimama. Aliendelea kuteremka kwenye ukingo.

"Shemeji, ngoja," nikamwita.

Akageuka. Jasho lilikuwa likimtiririka usoni katikati ya baridi ile, na mikono ilimtetemeka. "Wewe nani wa kuniamrisha? Shamba langu liko ng'ambo. Mmenifungia njia siku nyingi."

Hana shamba ng'ambo ya mto wowote. Mtu huyu, katika miaka yote aliyokaa na dada yangu, alikuwa hajapata kunipandishia sauti. Hapo nikajua ni sukari imeshuka, nikapiga kelele wamshike. Kiongozi alimdaka shati maji yakiwa yameshamfika magotini.

Tukamkalisha kwenye matope. Mpishi akatoa mfuko wa sukari, akachota kiganjani. Shemeji akafumba meno.

"Kula kidogo, mzee. Tafadhali."

"Nimefunga."

Alilisema polepole, macho yakiwa hayatuoni. Nikapiga magoti mbele yake, nikamweleza kwamba saumu ya hiari yafunguliwa, kwamba mgonjwa ana ruhusa, kwamba nafsi yake ina haki juu yake. Nilisema yote niliyosomeshwa, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu. Ilikuwa kama kuliambia jiwe. Mpishi akajaribu kumtia kidole mdomoni, shemeji akaking'ata. Kumnywesha kwa nguvu tuliogopa, asije akapaliwa. Simu za wote hazikuwa na mtandao, na kwa matope yale bodaboda isingefika. Nilimfikiria dada yangu jikoni kwake, nikaona nitakavyosimama mlangoni bila mtu.

Juu ya ukingo palikuwa na nyumba ya makuti na moshi. Tukambeba. Alitoka bibi mmoja mkongwe, Mdigo, aliyetuzidi sisi wote kwa umri, akiishi na kuku wake.

"Shikamoo bibi," tukasema.

Na shemeji, ambaye wakati ule hakulijua hata jina langu, akainua kichwa. "Shikamoo bibi."

"Marahaba, wanangu. Huyu ana nini?"

Nikamweleza kwa ufupi: ugonjwa, saumu, na kukataa kwake. Hakuniuliza la pili. Alikuwa na chai ya mchaichai jikoni. Mpishi akaikoroga na sukari mpaka kijiko kikawa kizito. Bibi akakichukua kikombe, akachutama mbele ya shemeji na kukinyoosha kwa mikono miwili.

"Mwanangu, nyumba hii haijapata mgeni tangu mvua zianze. Utaniachia kikombe mkononi?"

Shemeji akamtazama. Kikombe kilikuwa kikitikisika kwa uzee wa mikono ile. Nilimwona akihangaika, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Kwetu mtoto hufundishwa hata kabla ya kusoma: mwenye nyumba akikunyooshea, hurudishi. Saumu ya hiari hufunguliwa ili mwenyeji asivunjike moyo. Hilo nalo limo katika sheria, lakini yeye hakulichukua kutoka kwenye sheria. Akasema bismillahi, akanywa.

Akanywa cha pili. Mpishi akamlisha muhogo kipande kwa kipande, nami nikamtania, "Kula, shemeji, hapa hakuna pazia." Jasho likakauka. Baada ya muda akatuangalia mmoja mmoja, akauliza viatu vyake viko wapi. Nikatoka nje, nikasujudu kwenye matope.

Hatukuvuka siku ile. Mvua iliposhika tena, mimi naye tulikaa barazani kwa bibi. Akaniambia:

"Nilitaka siku moja tu. Siku moja niiweke mbele ya Mola."

"Umeshalisha maskini mwaka baada ya mwaka."

"Wao ndio walioonja njaa, kaka. Mimi nimeonja nini?"

Kisha akaniomba nisimwambie mkewe. Nikamwambia saumu yake ni baina yake na Mola, sitaigusa, lakini kuanguka kwake nilikabidhiwa mimi. "Basi niachie niseme mwenyewe," akasema.

Jumapili mto ulipungua. Tulivuka tukishikana mikono, tukafika barabara ya Msambweni, tukapanda gari kurudi Waa bila kuiona bahari. Kiongozi alisema kwamba njia yake itabidi ipite nyumba ya yule bibi.

Dada alikuwa mlangoni. Shemeji alimwambia yote palepale, amesimama na begi mgongoni, hakupunguza neno. Dada hakumgombeza. Aliingia ndani, akapakua wali na samaki, akamwekea, akaketi mkekani mbele yake na kumtazama mpaka sahani ikawa tupu. Pazia la chumbani alilikunja siku hiyohiyo. Toka hapo humtazama kila mlo namna ile, na shemeji hula ameinamisha kichwa. Nikiwatembelea na kuwakuta hivyo, hukaa barazani nikingoja wamalize.

Ewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akukubalie ulichoweza na akusamehe usichoweza, akupe anayejua kama umekula au hujala, na akurudishe nyumbani kwako salama. Amin.