Mwaridi wa Nyuma ya Choo

Bustani ya ikulu ilikuwa na mtunzaji aliyeijua kuliko hata aliyeichora: mama mmoja mfupi, mwenye maneno machache, ambaye wote walimwita Mama Mkasi kwa sababu mkasi haukumtoka mfukoni hata kwenye harusi za watu. Alikuwa ameipogoa kwa miaka thelathini na minne. Ilibaki miezi saba astaafu, na hamu yake ilikuwa moja tu: kuaga kwa heshima na kutoka kwa lango kuu, mchana kweupe, bila doa.

Sasa, kila serikali mpya ikiingia huikuta bustani mbaya. Sijui kwa nini. Waridi halina kadi ya chama. Huyu anataka maua makubwa, yule anataka vigae, na amri huwa ile ile: "Ng'oa, katupe." Mama Mkasi hung'oa. Lakini watunza bustani wana desturi yao, wala hawaitangazi. Kabla mti haujafa hukata kijiti kimoja, wakakiviringisha kwenye gazeti lililoloweshwa, wakaenda nacho nyumbani.

Mwaka ule ikaamuliwa bustani irudishwe kama ilivyokuwa siku ya kwanza ya taifa. Kamati ikaundwa, Mama Mkasi akaitwa vikaoni kama mtunzaji, na kamati ikagombana. Ushahidi ulikuwa picha moja kuukuu, isiyo na rangi, ya kiongozi wa kwanza kasimama kando ya mwaridi. Mwenyekiti, mtu wa chama tawala, aliapa maua yale yalikuwa mekundu kama bendera ya chama chake, na kabla mjadala haujaisha akaamuru yapandwe mstari mzima. Mheshimiwa wa upinzani, mwanamama mwenye sauti ya kengele, aliapa yalikuwa meupe. Bendera yao ilikuwa nyeupe, hilo halihitaji kuulizwa.

Mama Mkasi alicheka kimoyomoyo. Maua yale yalikuwa ya manjano. Mti ule aliung'oa kwa mikono yake mwaka wake wa pili kazini, na kijiti chake kilikuwa kimestawi nyuma ya choo cha nyumbani kwake.

"Nyamaza, mke wangu," mumewe, fundi viatu, alimwambia. "Miezi saba si mingi. Watasema umeiba mali ya serikali."

"Na nikinyamaza?"

"Utakula kiinua mgongo chako kwa amani."

"Watapanda uongo, baba watoto. Halafu nitakayeumwagilia maji ni mimi."

Kesho yake akanyoosha mkono kikaoni, akasema maua yalikuwa ya manjano na mti upo kwake. Alasiri kamati nzima, suti na viatu vya kung'aa, ilikuwa imejipanga nyuma ya choo chake, picha mkononi. Vichala vilikuwa vile vile, maua matano matano, na jani lile lile lenye meno mapana. Mheshimiwa wa upinzani akashusha pumzi, akakubali. Mwenyekiti alikunja uso.

"Mama, nani alikuruhusu kuchukua mali ya ikulu?"

Mama Mkasi aliushika mkasi wake mfukoni. "Mheshimiwa, niliamriwa nikautupe. Sikuambiwa wapi. Nikautupa hapa."

Aliyeanza kucheka ni mheshimiwa wa upinzani, wakafuata wengine, na mwishowe mwenyekiti mwenyewe alishika ukuta wa choo asianguke. Kesi ikaishia hapo. Mwaridi wa manjano ukarudi ikulu kwa gari la serikali, na Mama Mkasi akaamriwa kuuondoa ule mstari wa mekundu.

Siku ya kustaafu alitoka kwa lango kuu, mchana kweupe, wenzake wakimpigia makofi hadi akalia. Mlinzi akampigia saluti, kisha akaona gazeti bichi likichungulia kwenye mkoba wake.

"Mama, hiki nini?"

"Waridi jekundu, mwanangu. Nimeambiwa nikalitupe."

Mlinzi akamfungulia lango.