Maziwa Yasiyofika Nusu Kikombe

Mimi ni mtu wa kupenda vitu vinyooke. Shuka likikunjika kitandani siwezi kupita bila kulinyoosha, hata kama kitanda si changu, na wajukuu wangu hunicheka kwa hilo. Tabia hiyo ndiyo iliyonifanya nikaaminiwa kazini mapema, na ndiyo iliyonifanya niandike ripoti ile ya Garissa. Nimeandika ripoti nyingi maishani na nyingine zote nimezisahau.

Ulikuwa mwaka wa tatu wa vita vya Shifta, serikali ikipigana na Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya. Nilikuwa muuguzi kijana kutoka milimani, sijaolewa, nimepelekwa hospitali ya Garissa bila kuulizwa kama nataka. Joto lilinitesa, nzi walinitesa, na kila niliposikia watu wa pale wakisema kwamba mtu aliyevuka mto Tana kuelekea kwetu amekwenda "Kenya", damu ilinichemka. Kwani hapa tulipo ni wapi, nilikuwa nauliza. Hakuna aliyejisumbua kunijibu.

Siku moja daktari mkuu aliniita, akanipa fomu ya kurasa tatu. Nje kidogo ya mji palikuwa na nyumba ya wazee, nami nilitakiwa nikaikague na kuandika kama wanatunzwa sawasawa. Kwa Wasomali, mzee kuachiwa wageni wamtunze ilikuwa aibu kubwa, lakini vita vilikuwa vimezivunja familia. Vijana wengine walikuwa porini, wengine wamevuka mpaka, mifugo imekusanywa na askari, na waliobaki wamehamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge. Mzee asiyekuwa na mtu wa kumbeba ndiye aliyeletwa pale. Jumla yao walikuwa kumi na saba.

Nilikwenda asubuhi kwa gari la hospitali, na askari mmoja mwenye bunduki kwa sababu bila askari hatukuruhusiwa kutoka mjini. Msimamizi alitupokea langoni. Alikuwa mtu wa kwetu, mzee kidogo, aliyevaa kaptura iliyopigwa pasi ikakauka kama ubao, na nilipomwona tu nilijua tutaelewana.

Tukaelewana kweli. Mabanda yalikuwa mawili, ya mabati, na sakafu ingali na unyevu wa kupigwa deki. Vitanda vilitandikwa vizuri kuliko vya wodi yangu. Nikapita na fomu yangu: vitanda, nzuri sana. Shuka, nzuri sana. Choo kilimwagiwa majivu, maji yalifunikwa. Moyo wangu ulitulia kwa mara ya kwanza tangu nifike mkoa ule.

Jikoni mpishi, naye mtu wa kwetu, alinifunulia sufuria. Chakula kilikuwa ugali na nyama ya mbuzi, mchuzi umemiminwa juu ya ugali. Sahani za jana yake zilikuwa bado zimepangwa karibu na mlango, zikingoja kuoshwa, na karibu zote zilikuwa zimejaa.

"Hawamalizi?" nikauliza.

"Kinabaki kila siku, sista," msimamizi akasema upesi. Mpishi alikuwa anatazama moto.

Nikaandika kwamba chakula kinatosha na kubaki. Nakumbuka niliona fahari kidogo, kana kwamba nimekipika mimi.

Baada ya hapo nikaenda kuwahoji wazee wenyewe, maana fomu ilikuwa na ukurasa wa malalamiko. Walikuwa wamekaa kwenye mikeka, kwenye kivuli cha banda. Nilimuuliza mmoja mmoja kama anashiba, kama anapigwa, kama anatibiwa. Msimamizi alitafsiri kwa Kisomali chake cha kuokoteza na askari alisimama nyuma yangu na bunduki begani. Wote walisema Alhamdulillahi. Nikaandika: hakuna malalamiko. Leo najiuliza nilitegemea waseme nini mbele ya bunduki ile, lakini siku ile sikuiona. Nilikuwa nimeizoea kama nilivyozoea saa yangu ya mkononi.

Wa mwisho alikuwa bibi mmoja mrefu, mwembamba sana, mwenye macho makali. Hakusema Alhamdulillahi. Alinitazama kwa muda, kisha akatoa chini ya kitambaa kikombe cha bati cha samawati na kuninyooshea kwa mikono miwili. Akakiinamisha kidogo nione ndani. Mlikuwa na maziwa ya ngamia, hayakufika hata nusu. Nikadhani ananionyesha kwamba ni safi, hayana nzi. Nilikuwa na kiu, tena nilikuwa nimeambiwa kwamba kukataa maziwa ya Msomali ni kumtukana, basi nikanywa. Yalikuwa na ladha ya moshi. Nikayamaliza yote, nikamrudishia kikombe, nikamwambia ahsante sana bibi. Aliangalia ndani ya kikombe, akaangalia uso wangu, akakirudisha chini ya kitambaa.

Usiku haukuwa umeingia na ripoti yangu ilikuwa tayari. Nyumba niliipa nzuri sana. Pale palipotaka mapendekezo nikajitia kuwa na akili nyingi. Maziwa yalikuwa adimu mjini kwa sababu ya mifugo kuzuiwa, na watoto wa wodi yetu walikuwa hawayapati ya kutosha. Nikaandika kwamba kwa vile nyama inabaki kila siku, maziwa wanayogawiwa wazee kila siku yanaweza kupunguzwa nusu, yapewe wodi ya watoto. Daktari mkuu akanisifu mbele ya wenzangu. Wiki ile ile maziwa yakapunguzwa.

Haukupita mwezi yule bibi akaletwa hospitalini kwa machela. Kwenye karatasi msimamizi aliandika "uzee". Nilimtambua kwa macho tu, kwa sababu mwili haukuwepo tena. Nilimpima, nikamkagua ulimi na kope, sikuona homa wala kuhara. Mhudumu wetu wa wodi, mama mmoja Msomali wa pale pale mjini, aliinama akamwita ayeyo, yaani nyanya, wakanong'onezana kwa muda. Kisha akainuka na kunigeukia, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Sista, bibi hii hana ugonjwa. Hii ni njaa."

"Njaa ya nini? Kule chakula kinabaki!"

"Hiyo nyama, nani nachinja?"

Mhudumu akanieleza. Mlinzi wa ile nyumba, mzee Mwislamu, ndiye aliyekuwa anachinja. Alichukuliwa katika msako, hakurudi, na tangu siku hiyo mpishi, asiye Mwislamu, alikuwa anachinja mwenyewe. Mchuzi unamiminwa juu ya ugali, kwa hiyo ugali nao umeharibika. Wenye jamaa mjini waliletewa tende na mahamri kupitia kwenye ua. Bibi hakuwa na mtu. Yeye alikuwa anaishi kwa maziwa.

Hapa sitajitetea kwamba sikujua. Kwetu milimani, mwenye bucha sokoni alikuwa Mkristo wa kanisa letu, na hata yeye alimwita Mwislamu achinje ili asimfukuze mteja. Nimelijua jambo hilo tangu utotoni. Lakini fomu haikuuliza nani anachinja, nami niliulizia yale tu yaliyoandikwa. Mpishi alijua. Msimamizi alijua, na nilipokwenda kumfokea alinijibu bila haya kwamba alidhani njaa ikiwazidi watakula. Nilimwita majina ambayo mama yangu angenizaba kofi kwa kuyatamka. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama si mimi niliyeandika nzuri sana.

Jibu hilo hilo nililikuta kwa daktari mkuu. Nilimwomba maziwa yarudishwe na mtu wa kuchinja apatikane. Alivuta faili, akaniwekea ripoti yangu mezani. Mchinjaji Mwislamu aingie na kutoka pale kwa kibali cha nani, wakati huu wa msako? Na ripoti ya kwanza aseme nini juu yake? Nilisema aandike kwamba muuguzi ni mjinga, na nilisema nikilia. Mwisho alikubali kuomba kibali, na mjomba wa yule mhudumu akajitolea kuchinja. Tuliambiwa tungoje.

Wakati tunangoja, mimi na mhudumu tulimnywesha bibi maziwa kwa kijiko. Alimeza kidogo, akageuza uso. Tumbo lilikuwa limeshakataa. Siku ya nne niliona ana nguvu kidogo, nikamwomba mhudumu amwambie kwamba naomba radhi. Kwamba nilikunywa maziwa yake na sikujua kama ndicho chakula chake.

Mhudumu alimwambia. Bibi alijibu polepole, maneno mengi kuliko nilivyotarajia. Mhudumu akasikiliza, kisha akaanza kuvuta vuta ncha ya shuka bila kunitazama.

"Anasema nini?"

"Sista, wacha."

"Niambie."

"Anasema yeye hakukukaribisha. Askari alikuwa hapo, msimamizi alikuwa hapo, yeye hawezi sema. Akasema moyoni, huyu gabar, huyu msichana, ana kalamu, ana macho. Akakupa kikombe uone. Hiyo ndiyo chakula yake ya siku yote, mbaka kesho. Alitaka uone, uandike." Akaiachia ncha ya shuka. "Anasema wewe ukakunywa."

Bibi alikuwa ananitazama. Sikuona chuki machoni mwake, na ningeiona ningeshukuru. Alikuwa amechoka tu.

Alifariki Jumatano. Wanawake wa mjini, ambao hawakumjua, walikuja kumwosha na kumzika kabla ya jua kuzama. Kibali kilitoka Ijumaa, na mjomba wa mhudumu akachinja mbuzi wawili, na wale wazee kumi na sita wakala. Nilikuwepo. Nilisimama jikoni nikahesabu sahani tupu, na mpishi alizitazama pamoja nami.

Nilipohamishwa nikaondoka na nakala ya ripoti ya kwanza. Sikumwomba mtu ruhusa, niliitoa tu kwenye faili. Karatasi imekuwa rangi ya chai na mwandiko wangu ni mzuri, wa kunyooka. Chini kabisa kuna nafasi ya maelezo mengine, na hapo niliandika: "Wazee wana furaha na ni wakarimu. Nilikaribishwa maziwa."