Vijiko Sita vya Mama Mkwe

Kama kuna anayekunywa chai aiweke chini kwanza, asije akapaliwa bure. Mwanaume mzima, mlinzi wa ofisi ya watu Kamukuzi, Mbarara (kijijini wananiita afisa, nami sijawahi kuwakosoa), nilishindwa na tairi la baiskeli ukweni, mbele ya kila mtu.

Siku hiyo nilikuwa nakwenda Nakivale, kambi ya wakimbizi, kwa wazazi wa mchumba wangu Neema, waniambie kama wananipa binti yao na mahari iletwe lini. Mwenye akili angepanda bodaboda. Mimi nikapakia baiskeli yangu ya milimani kwenye pikapu, nikashuka karibu na kambi na kupiga kanyagio kipande cha mwisho tu, ili waseme nimetoka nayo Mbarara.

Kufika Kashojwa, mwiba, tairi chini. Fundi mmoja wa kando ya njia akasema nimpe alitoe tairi azibe, nami nikamtazama kuanzia kandambili zake mpaka kofia, nikamwambia hii si baiskeli ya kubebea mihogo, wewe hujazoea vitu kama hivi (mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kulitoa tairi lake hata siku moja), nikaikokota na jua lile.

Kufika kwao, baba mkwe akauliza kulikoni. Ningesema ukweli yangeisha. Nikasema ni kazi ya dakika mbili, nikaomba vijiko viwili vya kubandulia tairi. Neema akamwangalia mama yake, mama akasita, kisha akaingia ndani akatoa vijiko vya wageni vilivyofungwa kwenye kitambaa.

Cha kwanza kikapinda. Cha pili kikapinda. Nikaomba vingine bila haya, na tairi limeng'ang'ania ringi vilevile, majirani wameanza kusogea, jasho linanitoka hadi kwenye soksi. Cha sita kilipokatika nikaona nilipande kwa miguu, na viatu vyangu vya ngozi nilivyovipaka mafuta asubuhi vikateleza, nikaketi kwenye beseni la samaki wa mchana.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Mama mkwe akakaza kitenge chake, akapiga magoti mbele yangu mimi mkwe (aibu gani hii!), akasema taratibu, kwa Kiswahili cha kwao Kivu:

"Papa, acha kwanza. Hii pineu haipende nguvu. Unaisukuma mu kati ya jante, fasi kwenye kuna bonde, njo inalegea."

Akalibana tairi, ndiyo pineu yake, likaingia kwenye bonde la katikati ya ringi kuzunguka gurudumu lote, akalivuta upande mmoja kwa vidole gumba viwili, likatoka kama nguo iliyolegea. Kumbe miaka yote ya kambini alisukuma baiskeli ya mizigo kutoka mpakani Kikagate, na hakuwahi kujisifu kwa mtu.

Baba mkwe akatazama vile vyuma vilivyopinda.

"Mukwe, leo wali tutakula na mikono."

Wakati ananisindikiza, Neema akaniambia vijiko vile ndivyo vitu pekee vya nyumbani mama alivyovuka navyo kutoka Kivu. 

Binti wamenipa, namshukuru Mungu. Siku hizi hata valvu ikilegea namwita fundi, naye nampa heshima zake zote. Lakini orodha ya mahari imekuja, na itasomwa kwa sauti mbele ya ukoo wangu wote: juu ya mbuzi, juu ya vitenge, mstari wa kwanza kabisa, vijiko sita.