Damu ya Sukari na Kakao

Enzi zetu damu ilipikwa. Siku ninayoikumbuka zaidi nilibandika sufuria saa kumi na mbili na robo asubuhi, mama akiwa ameshatangulia shambani kuchuma majani chai. Ilibidi iwe mapema. Kwetu Kiptere mvua hushuka karibu kila alasiri, na damu yetu haikuvumilia maji.

Mjomba Kibet, mdogo wake mama, alikuwa akipiga video za harusi huko Kapsoit kwa kamera ya kukodi, ile nzito ya kubebwa begani. Harusi ikiisha, kipande cha kanda kilichobaki alitupatia sisi watoto tuchezee filamu. Safari hiyo kilibaki cha dakika sita, na kamera ilitakiwa kwa mwenyewe kabla ya saa saba. Tulikuwa tumebakiza onyesho moja: mchunga ng'ombe anapigwa rungu na wezi, anakufa. Bila kifo hicho filamu haikuwa na mwisho, nasi tulikuwa tumekwisha kuwatangazia vijana wote wa kanisa kwamba wataiona Jumapili. Mchunga ng'ombe alikuwa mdogo wangu Kiprono, wa miaka tisa. Kidonda kilikuwa kazi yangu.

Hakuna aliyenifundisha. Nilijaribu nyanya, ikatoka supu yenye mbegu. Nikajaribu wino mwekundu, Kiprono akaenda shule wiki nzima na shavu la waridi. Mwishowe nikapata njia: uji mwepesi wa unga wa ngano, sukari nyingi ili damu iteleze polepole, rangi ya keki, na kakao kidogo ya kuua ule uwaridi. Kidonda chenyewe kilikuwa donge la unga lililokandwa kwa mafuta ya kujipaka na chai ya rangi iliyochemshwa hadi ikawa nyeusi, ili lifanane na ngozi yetu. Nilililaza kwenye paji la uso, nikalipasua kwa mpini wa kijiko. Pembeni nilipaka vumbi la ule mkaa wa kusafishia kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Hapo jeraha likawa na uvimbe.

"Usipumue," mjomba alimwambia Kiprono.

"Mjomba, nikikosa kupumua si nitakufa?"

"Si ndiyo kazi niliyokupa!"

Kiprono akalala kati ya mistari ya chai, akafa vizuri kabisa kwa dakika mbili. Jambo moja sikulipima: nyuma ya shamba kulikuwa na mizinga ya jirani, na mimi nilikuwa nimempaka mtoto nusu kilo ya sukari. Nyuki wa kwanza alitua kwenye kidonda, wa pili akaingia sikioni. Maiti ikaruka. Ikakimbia ikipiga mayowe, paji limepasuka, damu hadi kifuani, ikateremka moja kwa moja hadi kituo cha kununulia majani, ambako akina mama walikuwa wamepanga foleni wakingoja mizani.

Mama alikuwa wa tatu. Alimwona. Alikitupa kikapu, majani yakamwagika kwenye tope, na foleni nzima ikayakanyaga ikimkimbilia mtoto. "Uwi! Wameniulia mtoto!" Alimdaka, akafuta damu kwa kiganja, akatafuta mahali inapotoka. Kisha akanusa mkono wake. Akalamba kidole.

"Hii ni sukari yangu."

Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. Karani aliyatazama majani yaliyokanyagwa, akatikisa kichwa. "Mama Chebet, hayo siwezi kupima." Nilisimama nikingoja kofi. Mama hakunipiga. Alikaa juu ya kikapu kitupu, akamkumbatia Kiprono kwa muda mrefu. Ndipo akaniambia, "Chebet, siku nyingine uniambie kwanza nani atakufa."

Mjomba alikuwa amemfuata Kiprono mbio bila kuzima kamera. Jumapili kanisa zima lilimwona mama akikimbia.

Juzi mtoto wa Kiprono alinionyesha filamu yake kwenye simu. Anagusa kioo, damu inaruka. Anagusa tena, inakauka. Ni damu safi, haina hata nzi mmoja. Nilimuuliza inapikwa kwa muda gani, akaniangalia kama nimetoka mbali kule Londiani kwa miguu. Sikumlaumu. Ila katika filamu yake watu wanane walikufa, na hakuna aliyekuja mbio.

Kanda yetu ililiwa na ukungu zamani, na mama tumeshamzika. Ile siku hakuwahi kuitaja kama hasara. Mimi ndiye niliyeipigia hesabu nilipokuwa mtu mzima: kilo kumi na nane za majani, kwa bei ya wakati ule, shilingi tisini.