Wankyo na Mwito wa Kwanza

Wankyo hakuitika mwito wa kwanza. Ukisimama nje ya uzio na kusema "Mama Diana!", cherehani ilinyamaza, na ndani kukawa kimya. Ulitakiwa uite tena. Hapo ndipo "Abee!" yake ilipotoka, changamfu, kama vile ndiyo kwanza anakusikia. Wateja wake pale Nyasura, Bunda, walishamzoea. Wageni walidhani ana matatizo ya masikio. Kaka yangu Masanja, aliyemwoa, alikuwa akiita kwa pumzi moja, "Wankyo-Wankyo!", hata watoto wa jirani wakadhani hilo ndilo jina lenyewe.

Kwao Wankyo ni Butiama. Mama yake alimkanya tangu akiwa mdogo, walipokuwa wakienda kuokota kuni: usimwitikie usiyemwona, mpaka aite tena.

"Mtu anaitaga mara mbili, wifi," aliniambia. "Wale wengine wanaitaga mara moja tu. Hawanaga ruhusa ya kurudia."

"Na mwenye haraka je?"

"Mwenye haraka aingie. Mlango si upo?"

Tuliishi hivyo, mtu na wifi yake. Alinicheka kwamba nimesoma hadi chuo na ugali wa muhogo bado unanishinda. Nami nilimcheka kwa hao wanaoita mara moja.

Mwaka aliokatwa titi la kushoto, pamba ya Masanja ilizaa kuliko miaka yote. Upasuaji ulifanyika Mwanza. Daktari alitukalisha chini, Wankyo, Masanja na mimi, akasema kisu kimeondoa kinachoonekana, na mionzi itafuata kisichoonekana. Kidonda kikishapona aanze mapema, kwa sababu ugonjwa huu ukiachiwa nafasi unarudi. Foleni ilikuwa ndefu. Tukaambiwa turudi nyumbani, zamu yake ikifika tutapigiwa simu.

Basi tukangoja. Kila Jumamosi nilitoka kwangu Kitaji, Musoma, nikiwa na sato waliokaushwa, nikashinda naye barazani. Alikuwa amejishonea kifuko cha kitambaa laini, akakijaza pamba ya shamba la Masanja, akakivaa upande uliobaki mtupu. Alikipima uzito kwa kiganja, akapunguza pamba, akaongeza, mpaka gauni likakaa sawa. "Hili sasa halina maziwa wala maradhi," alisema, tukacheka mpaka akashika mshono.

Lakini nilianza kuona jambo. Jua likishaanza kulegea, mguu wake ulisimama juu ya kanyagio la cherehani, shingo ikageukia shamba la pamba. Alisikiliza kidogo, kisha akaendelea kushona. Mara ya kwanza nilidhani ni maumivu. Ilipojirudia nikamuuliza.

"Kuna anayeniita," alisema.

"Mama yako?"

Alikata uzi kwa meno. "Ningejua ni mama ningefurahi. Ni sauti yangu, wifi. Mimi mwenyewe. Ananiita kama mtu aliyeachwa stendi."

Akaendelea, macho yakiwa kwenye sindano: "Kuna kitu changu kilibaki Mwanza. Sikuuliza walikiweka wapi."

Jumamosi moja simu yake iliita mapajani mwake. Namba ngeni. Aliitazama ikitetemeka juu ya kanga, mikono kaiweka pembeni, kama mtu aliyetuliwa na nyuki.

"Pokea," nikasema.

"Atapiga tena, kama ni mtu."

"Wankyo, hiyo ni simu, si porini kwenu!"

"Ni hao wa bahati nasibu. Unataka kushinda pikipiki, wifi? Na makalio hayo utaipanda vipi?"

Nilikuwa bado nacheka simu iliponyamaza. Haikuita tena. Tulikula samaki, nikaondoka kuwahi gari la Musoma.

Mvua zilianza, zikakatika. Kidonda kilikuwa kimefunga kitambo, na simu haikuja. Mwishowe Masanja aliuza mzigo wake wa pamba na kwenda Mwanza mwenyewe kuuliza. Alirudi amejaa vumbi hadi magotini, akasimama barazani bila kuvua viatu. Muuguzi alikuwa amemjibu kwa upole. Zamu ilikuwa imefika, walipiga simu, haikupokelewa. Nafasi haiwezi kukaa bure, akapewa mgonjwa mwingine. Jina la Wankyo lilikuwa limerudishwa nyuma.

"Mama Diana," alisema Masanja. "Na hospitali nayo ni mzimu?"

"Ningejuaje, Baba Diana? Iliita mara moja."

Kaka yangu si mtu wa kelele. Alichukua ile simu, akaitia mfukoni mwa shati lake, na tangu siku hiyo alienda nayo shambani, kanisani, na chooni. Aliitika kila namba kabla mlio wa kwanza haujaisha. Wankyo hakupinga. Ila ukimwita yeye kwa mdomo, bado ulitakiwa uite mara mbili.

Chuo ninakofundisha kilipofunga nikaenda kukaa nao. Alikuwa amepungua mwili. Alisema kitanda kinamuumiza mgongo, akabadilisha godoro, akasema hata hilo nalo. Juu ya kovu palikuwa na kiuvimbe kidogo kama punje ya hindi. Alinionyesha, akafunga gauni.

Alasiri moja alikuwa akinipima blauzi. Amesimama mbele yangu, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, midomo imebana pini. Masanja alikuwa mjini. Hapakuwa na upepo.

"Wankyo!"

Ilitoka shambani, kwenye mistari ya pamba iliyokwisha kuvunwa. Ilikuwa sauti yake. Ile ya kuvuta kidogo mwishoni, yenye Butiama ndani yake, ambayo ningeitambua popote. Na midomo yake ilikuwa hapa mbele yangu, imefungwa, na pini zimepangana.

Alitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kifuko cha pamba kifuani pake.

"Umesikia."

"Sijasikia kitu."

"Mdomo wako haujasikia, wifi. Uso umesikia."

Tulibaki tumesimama. Nilitamani iite tena. Nilitamani sana, ili iwe ni mtu tu, mteja fulani mwenye utani mbaya. Shamba likabaki kimya, kunguru wakishuka mmoja mmoja kwenye mabua.

"Geuka nikupime mgongo," akasema.

Simu ya Mwanza ilikuja wiki hiyohiyo. Masanja aliipokea akiwa kwa kinyozi, akakimbia nyumbani nusu ya kichwa haijanyolewa. Wankyo alimcheka mpaka machozi, na alivyokuwa akicheka ameshika mgongo. Tulisafiri wote watatu. Walimpima upya kabla ya kuanza, na daktari akatuita pembeni. Kile kisichoonekana kilikuwa kimeshafika kwenye mifupa na kwenye mapafu. Mionzi angepata, na alipata, lakini sasa ilikuwa ya kupunguza maumivu. Alipoambiwa aliuliza swali moja tu, kama wangeanza siku ile ya simu ingekuwaje. Daktari alisema hakuna anayeweza kujua. Wankyo alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa chenji pungufu na ameamua kutogombana.

Tulimrudisha Nyasura. Maumivu yalipungua kweli. Alikuwa analala, akiamka anaomba uji wa ulezi. Pumzi ndiyo iliyomsumbua, na tulimwegemeza kwenye mito ili aipate.

Siku ya mwisho Masanja alikuwa amekwenda kumpokea binti yao Diana stendi. Adhuhuri ilikuwa nyeupe, dirisha liko wazi. Nilikuwa peke yangu naye, namfuta shingo kwa kitambaa cha maji. Alifumbua macho, akatazama ukutani mbele yake, kutoka kona hii hadi ile, polepole, kama anayetafuta uso anaoufahamu. Kisha akanigusa mkono.

"Wifi," alisema, "waambie hao wenzangu wasogee kidogo, na mimi nikae."