Fundi wa Mapazia Hamwachii Mtu

Fundi wa mapazia amecheza gemu tangu utotoni, na ni chache mno zilizosalimika na ulimi wake. Gemu za vita anaziita kelele za watu walioishiwa hoja. Zile zinazompongeza mchezaji kwa kufungua mlango tu humpandisha mori: "Nipongezwe kwa lipi? Kwani mimi mtoto mchanga?" Anayoisifu ni moja, ya mbio za magari, kuukuu kama pedi zake za kuchezea alizozizungushia utepe wa pindo, kwa sababu haimwonei mtu huruma. Naye hamwonei. Wapwa zake wamelia, shemeji zake wamenuna. Kumwachia mtu ushindi, kwake, ni kumtukana mchana kweupe. Ndiyo maana nyumba nzima ilimtazama kwa jicho baya alipompa pedi mama yake, ambaye mkono wake wa kulia ulikuwa umepooza, na ingawa vidole vilianza kutii, mwenyewe alikwisha kuukatia tamaa. Fundi alimshinda wiki baada ya wiki, ameuma ncha ya ulimi kama anayetunga uzi sindanoni. Jumapili moja, kwenye kona ya mwisho, gari la mama likapenya kwa ndani na kufika la kwanza. Mama akautazama mkono wake, kisha binti yake.

"Umeniachia, wewe."

Fundi akaruka kitini, mishipa ya shingo imemtoka. "Nikuachie mimi? Mama, umenibana ukutani! Turudie! Hapa haliliwi tonge mpaka turudie!"

Mama akacheka hadi machozi, akakibonyeza kitufe cha kuanza kwa kidole gumba cha mkono uleule.