Mlinzi wa Jumba la Maduka

Jumba lile la maduka lilishabomolewa, lakini hadi leo baridi ya Minnesota ikiuma namkumbuka mlinzi wake. Saa moja asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, alitufungulia sisi tuliokwenda kufanya mazoezi ya kutembea humo ndani, tukikimbia theluji ya nje. Funguo za kiunoni alizishika kwa kiganja chake kinene zisipige kelele, na mizunguko yetu akaihesabu kwa sauti. Asiyegusa ukuta wa mwisho kabla ya kugeuka hakuhesabiwa. "Hujagusa, mama! Ukuta haung'ati!"

Daktari alikuwa amenionya kwamba nisipotembea kila siku, sukari itanila miguu. Mume wangu aliposikia hayo akahamia kwa mdogo wangu Darlene, mwenye miguu mizima. Asubuhi moja niliwakuta humo humo, wanatembea wameshikana mikono. Nikageuka niende zangu nisirudi tena. Mlinzi alikuwa amesimama mlangoni.

"Mume, huyo mwanamke kakuchukulia," akasema taratibu. "Na miguu pia unampa?"

Alivua koti lake zito la kazi, akalitundika kitini, akatembea nami akihema, mzunguko baada ya mzunguko. Siku hiyo tuliwapita mara mbili.